Kahawa Iliyouzwa Ikiwa Maua

Izimbya,
Bukoba Vijijini.
20 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Buberwa,

Hujambo huko Songea? Mkeo Agnes na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Mvua imetukumbuka, migomba imenenepa, na goti langu limenipa likizo kidogo. Nakuandikia kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu. Ukipiga tu, mama yetu Mae hukaa ubavuni mwangu akisikiliza kila neno.

Jumapili iliyopita nilikukumbuka sana. Baada ya ibada, pale usharikani kwetu kulikuwa na mnada wa mavuno. Unakumbuka baba yetu Tata alivyokuwa akiugombea mkungu tulioutoa sisi wenyewe? Alipandisha bei mpaka mchungaji akashindwa kujizuia kucheka, kisha tukaurudisha nyumbani kichwani. Mae alimwita mwendawazimu mbele za watu, na uso wote umejaa tabasamu. Kutoa kulikuwa sherehe, ndugu yangu. Nazitamani siku zile mpaka machozi yananitoka.

Mwaka huu Mae hakuwepo. Siku hizi husali mjini Bukoba, mtaa wa Bakoba, kwa nabii mmoja mwenye spika kubwa na maji ya upako ya kuuza kwenye vichupa. Nilidhani yatapita, nikanyamaza. Kumbe! Juzi nilimkuta Rutaihwa, yule mnunuzi wa kahawa, anazunguka kibanjani, shambani kwetu, akikagua mibuni kama yake. Nilipomfukuza akaniambia nikamuulize mama yangu. Buberwa, Mae ameuza butura! Kahawa yote, tangu ikiwa maua, kwa bei ya kutupa, na fedha amempelekea nabii. Tata, ambaye alituonya kuhusu butura kuliko alivyotuonya kuhusu pombe, angelia.

Nilifoka, sikufichi. Nilimwita nabii mwizi. Mae hakukasirika. Alinitazama kwa upole akasema, "Kokwijuka, nimepanda mbegu. Nabii amesema kahawa ikiiva, Buberwa atakuwa amesimama mlangoni."

Tangu tumzike Tata hujarudi, na mimi nilidhani Mae ameshazoea. Ameshafua mashuka ya kitanda chako.

Nimewaza sana. Usipokuja, hatasema nabii ni mwongo. Atasema imani yake ilikuwa haba, na nabii atamwambia aongeze sadaka. Kilichobaki cha kuuza ni kibanja, na kaburi la Tata limo humo.

Binti yangu Violeth anakusalimu, na Ma Skolastika jirani naye anakuulizia. Mbusu Eliud kwa niaba ya shangazi yake.

Najua ukija, nabii atapanda madhabahuni kujisifu kwamba ndiye aliyekuleta, na Mae atashika kipaza sauti kumshukuru. Mwache ajisifu. Wewe njoo tu. Kahawa imeanza kuiva.

Mungu akutangulie njiani.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,
Kokwijuka