Joto la Injini Yako

Mwanangu,

Shangazi yako mzima, ila magoti ndiyo yananisumbua. Injini yako ya mafuta ya alizeti uliyotufungia inanguruma nyuma ya zahanati, moshi wake unanukia kama jikoni. Umeme wake unawasha taa, joto lake linapasha chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, na joto hilohilo linapoza friji ya chanjo. Hilo la friji sijalielewa, wala usinieleze tena.

Juzi mpishi wetu aliona mafuta ni mafuta, akachota dumu zima kukaangia mayai ya wagonjwa. Injini ikakohoa, ikazimika. Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka, kisha nikakimbilia kwa watoto. Tangi lako la maji ya moto lilikuwa bado linapasha mabomba ukutani. Yule mdogo kuliko wote alikuwa amelala fofofo.

Mtoto wako alituponyoka kwa baridi ya chumba hichohicho, kabla ya injini hii. Hatujawahi kulizungumza.

Leo huyu mdogo ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mama yake aliniomba nimchagulie jina. Nimempa lile mlilokuwa mmemwekea wenu.

Usinikasirikie.

Nikushukuruye,
Shangazi yako