Kadi ya Baba Iliyokwenda Ulaya

Kwa Mzee Ntakirutimana,
Kirushya,
Ngara.
21 Januari, 1979

Mpendwa mdogo wangu Idefonsi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. U mzima? Kifua chako kinaivumilia baridi ya Ujerumani? Huku Mama hajambo, wanangu hawajambo, na migomba imezaa vizuri. Baba yupo, ila habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu. Barua hii nimeichana na kuianza upya kwa sababu ya matusi niliyokuwa nimeyaandika.

Unasema ulipofungua bahasha ukakuta kadi ya Chama ya Baba, ulicheka mpaka ukakaa chini. Tena umeibandika ukutani wenzako waione! Idefonsi, umeniudhi vibaya sana.

Leo ndiyo unatueleza kwamba kadi ya kijani ya huko ni karatasi ya bima, ya kuonyesha kuwa gari limekatiwa bima hata likivuka mpaka. Mbona hukusema mapema? Mwezi wa Agosti uliandika hivi tu: "Nilizuiwa kwenye mpaka wa Yugoslavia na gari la rafiki yangu. Huku bila kadi ya kijani hupiti." Neno bima hukulitaja. Nani hapa Kirushya ana gari? Hapa ukisema kadi ya kijani, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua ni ya Chama.

Baba alisema, "Kumbe na Wazungu wana Chama!" Uliondoka hujapata kadi yako, basi akatoa ya kwake sandukuni. Akasema jina la ukoo ni lile lile, watakuelewa. Celestini, katibu wa tawi letu, alimkataza kuituma. Hakusikia, maana mtoto wake amekwama mpakani.

Kisha vita vikaingia. Mwezi wa Desemba Baba alipanda lori kwenda Biharamulo kupeleka maharage tuliyowachangia askari. Njiani kulikuwa na kizuizi, na mgambo wakidai kadi. Walipolisikia jina lake, na Kiswahili chake kilichojaa Kihangaza chetu, walimdhania mtu wa ng'ambo ya mpaka, wakamshusha.

"Mzee, kadi yako iko wapi?"

"Iko Ulaya, mwanangu. Nimempa mtoto avukie mpaka."

Haya, wewe hodari wa kucheka, cheka na hapo. Walidhani anawadhihaki. Walimchapa fimbo, mzee mzima, mbele ya watu, wakamweka ndani kama mpelelezi mpaka Celestini alipofika kumtolea ushahidi. Maharage yake yalikuwa yameshafika kwa askari.

Siku hizi hatoki. Hata kanisani haendi. Mgongo unapona, lakini akisikia mlio wa lori anaingia ndani na kufunga mlango.

Mgambo wale nimewakasirikia, lakini wao walikuwa na vita mlangoni. Wewe ulikuwa na nini? Bandua kadi hiyo leo hii, uitume kwa rejista.

Na kuna jambo lingine. Barua yako mimi ndiye niliyemsomea Baba, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri. Nilipofika kwenye kicheko chako, sikukisoma. Nikamsomea maneno yangu mwenyewe: kwamba askari wa mpakani waliitazama kadi, wakakupigia saluti, ukapita. Tangu atoke mahabusu sikuwa nimemwona akitabasamu; siku hiyo alitabasamu. Alisema, "Basi fimbo zile hazikuwa za bure."

Kwa hiyo utamwandikia hivyo hivyo, na utamshukuru. Ukimtajia bima, usiniite dada tena.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Auleria, na Celestini, ambaye una deni lake la asante. Mungu akulinde katika barabara za watu, akurudishe nyumbani Baba angali hai.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda pamoja na hasira zote hizi,

Koleta