Namba ya Siri ya Soko Zima

Shoga, pokea simu basi! Haya, nakuandikia hivyo hivyo.

Leo kaja mwalimu wa mambo ya fedha kutufundisha hapa sokoni, na kipaza sauti chake. Akasema namba ya siri ya pesa za simu haambiwi mtu, hata mume.

Shangazi yangu, unamjua na kimbelembele chake, akaacha vitunguu vyake akamnyang'anya kipaza sauti. "Mimi yangu ni rahisi, wala siisahau! Mbili mbili, saba saba!"

KWENYE KIPAZA SAUTI, shoga!

Watu wakacheka mpaka machozi. Mimi natafuta pa kuficha uso. Mara muuza samaki akaacha kucheka. "Mbona hiyo ni yangu?"

Mama wa mitumba akasema, "Na yangu." Fundi cherehani naye, "Jamani, hata mimi!"

Shoga, NA YANGU.

Sote alitusajili wakala mmoja, yule wa getini. Tukamvamia kibandani kwake. Wala hakushtuka, anatafuna muwa wake tu. "Si nyie mliosema niwachagulie, eti mtasahau? Nikawapa wote moja. Mkisahau, nawakumbusha."

Mwalimu wa watu kaketi chini, kajishika kichwa.

Sasa unajua tuko wapi? Tumepanga foleni kwa wakala huyo huyo, atuchagulie namba mpya! Shangazi ndiye wa kwanza, anambembeleza, "Nipe rahisi, mwanangu."

Mimi niko nyuma yake.

Usinicheke. Ya kwako wewe alikuwekea nani?