Shubiri Kikombeni

Jang'ombe, 11 Februari 1968

Kwa Mama, Bi Mwanakheir,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu tangu mvua za vuli kumalizika. Sisi huku hatujambo. Tabia anatembea, anapanda kizingiti peke yake, na kila paka anamwita Bi Shemsa, jina la jirani yetu anayekaa naye nnapokwenda kusomesha.

Mama, sikusahau ulichosema siku ya khitma ya marehemu mke wangu Wanu. Ulisema mbele ya watu kwamba mtoto hulikizwa ziwa akitimiza miaka miwili, na Tabia akifika siku hiyo bado ananyonya chupa, basi itadhihiri kuwa mwanamume peke yake hawezi kulea, nawe utamchukua Makunduchi. Nilikubali. Miaka miwili inatimia mwezi wa Juni.

Nimeshaanza. Nesi ameniambia mtoto anashiba maziwa ya chupa, ndiyo maana wali anautema, na meno yake ya mbele yanaingia weusi. Nimemnunulia kikombe cha plastiki, cha kijani. Nimeondoa kwanza chupa ya mchana. Ya asubuhi na ya usiku zitafuata. Kila siku naandika katika daftari langu amekunywa kiasi gani na amemwaga kiasi gani. Mpaka leo anamwaga.

Mwanao,
Mjaka


Makunduchi, 20 Februari 1968

Mkwe wangu Mjaka,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Pandu, dereva wa gari, nikaisoma hata mchuzi ukakauka jikoni. Goti ni lile lile. Tabia mbusu kila shavu.

Kikombe cha kijani! Mwanangu, mtoto habembelezwi kwa rangi. Sisi tulilikiza kwa shubiri. Paka kidogo kwenye chuchu ya mpira, aonje mara moja, mbili, ataitupa mwenyewe. Mama yake nilipojipaka shubiri alinitazama kama mtu anayeniapiza, siku ya tatu akasahau. Huyo wako ana damu ile ile. Shubiri nimempa Pandu, imo ndani ya karatasi. Nawe usimwonee huruma.

Wala usifikiri nimelegea. Neno la khitma liko pale pale. Nshanunua mbuzi jike, ana mimba. Mwezi wa Mei yatakuwapo maziwa, si hayo yenu ya kopo.

Mkweo,
Mwanakheir


Jang'ombe, 17 Machi 1968

Kwa Mama,

Shikamoo, na mkono wa Iddi, ingawa nimechelewa. Goti linaendeleaje? Mimi mzima. Tabia sasa hajambo, lakini hakuwa hivyo wiki iliyopita.

Shubiri ilimfanya aikatae chupa, kama ulivyosema. Lakini kikombe alikikataa zaidi. Akikiona tu anafumba mdomo na kukimbilia nyuma ya mlango. Akawa hanywi kitu ila maji ya dafu, Bi Shemsa akimtilia kwa kijiko. Mashavu yakapungua. Nikaogopa, nikaichemsha chupa sana, nikamrudishia.

Jana nikakaa kutafuta kosa. Maziwa mapya, sukari ile ile. Mwishowe nikayaonja mwenyewe katika kikombe chake. Machungu! Nilikuwa nnachemsha chuchu na kikombe katika sufuria moja, kwa usafi, na shubiri yote ikahamia kwenye plastiki. Kumbe siku zote nikimpa maziwa ya shubiri, kisha nikimgombeza kwa kuyatema.

Kikombe nimekitupa. Lakini hata kipya hakitaki. Nambie la kufanya. Nakuuliza wewe, ijapokuwa najua ukinyamaza tu, mtoto atakuwa wako.

Mwanao,
Mjaka


Makunduchi, 14 Aprili 1968

Mkwe wangu Mjaka,

Marahaba. Mimi mzima, Alhamdulillahi.

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Watu hulikiza chupa, wewe umelikiza kikombe!

Nilipokwisha kucheka, nikanyamaza kweli, kama ulivyoona. Mbuzi yuko, kitanda cha mama yake Tabia kimewambwa upya, na Juni haiko mbali. Lakini Pandu alipita kwenu, akaniambia mtoto amekonda. Mimi namtaka mjukuu wangu, simtaki kwa njia hiyo.

Basi nijibu: wewe chai unainywa wapi? Unaandika kila kitu, hilo umeliandika? Sijapata kusoma katika barua zako kwamba mmekaa mkekani mkanywa pamoja. Mtoto hapewi kikombe, anakiiba. Mama yake alikiiba changu. Kaa chini, unywe chako, usimpe, usimtazame. Akinyoosha mkono, mnyime kidogo.

Mkweo,
Mwanakheir


Jang'ombe, 19 Mei 1968

Kwa Mama,

Shikamoo. Huku sote salama, na Tabia amerudisha mashavu yake.

Uliuliza chai nnainywa wapi. Nilikuwa nnainywa kwa Msabah, muuza kahawa, nikishamkabidhi Tabia kwa Bi Shemsa. Jioni nilimlaza kwanza, ndipo nikala. Tangu Wanu kufariki sikuwahi kutandika mkeka wa chakula, sikuona kuna wa kumtandikia. Kikombe nilikuwa nikimpa nimesimama.

Nikatandika. Mwanzo alikaa mbali na chupa yake. Nikanywa chai ya maziwa katika kikombe changu cha bati, nisimtazame, na hiyo ilikuwa kazi kubwa. Hata siku moja akaja akaniegemea begani, akatia kidole, akakinyonya.

"Yangu," akasema.

"Yangu mimi hii."

"Yangu!"

Akakivuta kwa mikono miwili. Nusu ikaingia kwenye kanzu yangu, nusu tumboni mwake, kisha akatoa "aah" kama wazee wa barazani. Sasa chupa anaitia mchanga. Bi Shemsa ameiomba atilie mafuta ya nazi, nimempa.

Mama, Juni imefika mlangoni. Naomba aendelee kukaa kwangu. Nakuomba, sikudai, maana njia hii umenionyesha wewe.

Mwanao,
Mjaka


Makunduchi, 7 Julai 1968

Mwanangu Mjaka,

Marahaba. Sikuwa mgonjwa. Umeniletea salamu mara mbili kwa Pandu, na mara mbili nilimwambia sina jibu. Juni imepita na sikuja kuchukua mtu. Nikadhani hilo ni jibu tosha. Lakini Pandu anasema kila akifika mjini unachungulia ndani ya gari kuona kama nimo. Basi nakuandikia upate kulala.

Mtoto akae kwako. Nshawaambia wale wale niliowaambia siku ya khitma.

Mbuzi amezaa, anakamuliwa kila asubuhi, na maziwa peke yangu siyamalizi. Sikukuu yetu ya Mwaka Kogwa imekaribia. Njooni. Mje wawili, na mrudi wawili.

Kikombe msilete. Nataka aibe changu.

Mama yako,
Mwanakheir