Mlango Unaotazama Bonde

Juu ya Mkuyuni
9 Agosti 1953

Mpwa wangu Veronika,

Salaam zikufikie huko Mwembesongo zikiwa bado na baridi ya mlima. Sisi wazima. Bibi yako anakula; macho yake ni yale yale, giza tupu, ila ulimi mkali. Kikohozi chako je?

Sasa kaa chini usije ukaanguka. Najenga! Matofali ya kuchoma, pembe nne, vyumba vinne, bati juu. Bati nimezipandisha mwenyewe kutoka Mkuyuni, kumi na mbili kichwani, safari moja. Njiani chui huyu hapa! Jua lilipopiga zile bati akafumba macho, akanipisha. Muulize jirani yetu Stambuli akishuka huko mjini, alikuwepo, ingawa yeye alikimbia.

Ule msonge wa mama nimeubomoa. Nguzo yake ya katikati nimeitia kwenye tanuru la matofali, ikawaka siku mbili. Na mlango nimeugeuza. Sasa unatazama bonde, ili kila apitaye njia ya Matombo aulize, pale juu anakaa nani? Mimi, niliyeishia darasa la pili!

Mjomba wako Leonard,
fundi asiye na mwenzake milima hii


Mwembesongo
27 Agosti 1953

Mjomba, shikamoo.

Kikohozi kimepungua. Hapa kwa masista nafua na kupiga pasi, mwili unachoka tu. Bibi mwambie namwamkia.

Mjomba, kwa ile nguzo umeniumiza. Mimi nimelelewa mle ndani. Bibi akiamka alihesabu hatua tatu, akaishika. Pale alipozoea kushika palikuwa laini kama sabuni. Kutoka hapo alifuata joto la mafiga, mpaka ubaridi wa mlima umpige usoni. Huo ndio mlango. Ndivyo alivyokuwa akiona.

Nakuomba, rudisha mlango upande wa mlima kabla hujapiga plasta. Na udongo wa matofali umechimba wapi? Lile shimo lifukie kabla ya vuli.

Mpwa wako Veronika


Juu ya Mkuyuni
15 Novemba 1953

Marahaba, mwanangu. Sote tu wazima, na mahindi yamesimama.

Nyumba imekwisha! Padre kaja kuibariki, akasema hata kanisani hakuna sakafu ya simenti kama hii. Sikumsikia vizuri kwa sababu ya mvua, lakini midomo ilisema hivyo. Mvua ikipiga bati zangu, mtu akupigie kelele sikioni, husikii. Raha gani hiyo!

Bibi yako mkaidi. Anashinda ameegemea ukuta. "Leonard," ananiambia, "nyumba yako haina harufu. Chini ya unyayo kote ni kumoja. Nitajuaje niko wapi?" Nikamjibu, "Mama, uko chini ya bati!" Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Jiko nimelitoa nje, kule nyuma. Moshi tumewaachia maskini.

Mlango haugeuki. Shimo lipo, hatua sita mbele ya mlango, maji kifuani. Nitafuga samaki humo, Wazungu waje kutoka Morogoro kuwatazama.

Mjomba wako Leonard,
mwenye bati


Mwembesongo
6 Desemba 1953

Mjomba, shikamoo.

Samaki wa nini? Nakuletea kamba ya katani kwa mkono wa Stambuli. Ifunge kitandani kwa Bibi, ipitishe mlangoni, izungushe nyumba mpaka jikoni, aifuate kwa mkono. Ni kazi ya dakika chache. Nakupigia magoti, Mjomba.

Mpwa wako Veronika


Juu ya Mkuyuni
20 Aprili 1954

Mpwa wangu Veronika,

Marahaba siandiki. Siku ya mazishi ya mama ulipika, ukalia, ukashuka mlima bila kuniamkia. Sikulaumu.

Hii ni barua ya tatu tangu siku ile. Zile mbili hukujibu, na ni haki, zilikuwa za uongo. Nilikuandikia mama aliteleza. Hakuteleza.

Kamba yako nilifungia mbuzi.

Jumapili ile mchana nilikuwa sebuleni na wageni, nawahadithia yule chui. Mvua ikashuka, nami nikapaza sauti niishinde. Mama akaniuliza kitu. Niliona midomo inacheza, nikamwitikia kwa kichwa. Kipofu, Veronika, nimemtikisia kichwa! Nikaendelea na chui. Yeye akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Upepo wa bonde ukampiga usoni, labda akadhani ni ule wa mlima. Kama aliita, hatukusikia. Mvua ilipokatika ndipo tukaona kiti chake kitupu, tukakimbilia shimoni.

Jana mchana nilijifunga kitambaa machoni, nikaondoka kitandani kwake. Hatua tatu, nikanyoosha mkono. Hakuna kitu. Nilizunguka mpaka jasho likanitoka, nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Nilipourudia ukuta wa kitanda chake, vidole vikapata mahali padogo kwenye plasta, pameanza kuwa laini.

Shimo nimelifukia. Chui hakukuwepo. Bati nilibeba mbili, nyingine alibeba Stambuli.

Ukija siku ya mvua, usisimame nje ukipiga hodi. Sitakusikia. Ingia tu.

Mjomba wako