Nilimsingizia Shemeji Virusi Nilivyovileta Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana yamenifika shingoni. Mimi ni karani wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye zahanati, kompyuta ni moja, naitumia kwa zamu na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, yeye asubuhi mimi mchana, sasa mwezi uliopita mashine ikawa nzito, nikafungua orodha ya programu zinazofanya kazi nikakuta jina la kivinjari, ile programu ya kufungulia intaneti, limejipanga mistari kumi na mmoja, nikizima mmoja unazuka mwingine, nikapiga kelele mbele ya wauguzi kwamba shemeji katuletea virusi kwa tamthilia anazotazama mtandaoni, akasimamishwa kazi huku analia, na mke wangu tangu siku hiyo ananijibu ndiyo na hapana tu. Juzi fundi wa kompyuta akaniambia mistari mingi ni kawaida, nitazame kila mmoja unatoka wapi. Kumi inatoka kwenye folda ya kivinjari, mmoja unatoka kwenye vitu nilivyopakua mimi, tarehe ileile niliyochukua programu ya bure ya kupamba picha, na shemeji siku hiyo alikuwa likizo. Hakuna ajuaye. Nifute faili ninyamaze?

Karani mwenye aibu

Karani, pole, lakini haraka haraka haina baraka, na yako imemponza asiye na kosa. Kivinjari cha kweli hugawa kazi, kila ukurasa na mstari wake. Wingi si ubaya. Mwizi akivaa sare ya kazini humtambui kwa sare, unamuuliza ametoka wapi na nani kamwajiri. Fungua mahali faili lilipo, tazama kama lina sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji. Jina la kivinjari, folda ya ajabu, sahihi hakuna: huyo ndiye.

Eti hakuna ajuaye! Wewe je? Na humo mna siri za wagonjwa waliokuamini. Chomoa waya wa intaneti sasa hivi. Nywila zote zibadilishwe kwa kompyuta nyingine, si hiyo. Kisha nenda kwa mkuu wa zahanati, useme mbele ya wauguzi walewale, kwa sauti ileile uliyomshtaki nayo. Mkeo usimbembeleze kwanza, anza kwa mdogo wake.

Na faili hilo, ole wako ulifute kabla fundi hajaliona. Lina tarehe. Shemeji yako hana shahidi mwingine.