Namna Ninavyowaaga

Jumatatu, 3 Machi

Sherehe ya kumuaga mlinzi imekaa vizuri. Filimbi yake nimeipeleka kwa fundi wa hapa Sakina, jirani na gereji, aichonge jina. Ijumaa saa kumi atasimama getini na kuipuliza mara ya mwisho, wafanyakazi wote kimya. Halafu blanketi. Halafu barua. Atalia. Walinzi wote hulia, sijui kwa nini.

Mpishi mwezi uliopita tulimpangia foleni na sahani, meneja mbele, akatupakulia makande kwa mwiko wake kwa mara ya mwisho. Watu bado wanaisimulia. Sirudii sherehe, kila mtu na yake. Mtu akiona umemjua kiasi hicho, anasahau kwamba unamfukuza.

Mvua bado. Vumbi la barabara ya Nairobi limejaa mpaka kwenye chumvi.

Jumatano, 5 Machi

Meneja kanipa orodha nyingine. Watu watano. Shamba linafunga grini hausi tatu, kwa hiyo hawahitajiki. Waondoke mmoja mmoja hadi Septemba, bila kelele, na kila mmoja asaini kwamba anastaafu kwa hiari yake. "Haika, wewe ndiye afisa utumishi, unawajua. Panga mwenyewe nani aanze." Kasema hivyo huku anatafuta chaja ya simu.

Jina la tatu: Mama Elia. Supavaiza wa paki hausi, kule waridi zinakopangwa na kufungwa kwenye maboksi.

Ninayoyajua naandika hapa, nisije kujidanganya baadaye. Mumewe, Baba Elia, figo zimekufa. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kadi yake ya bima iko kwenye ajira ya mkewe. Julai atapandikizwa figo, anayetoa ni mtoto wao Elia, vipimo vimeshakubali. Mama Elia akitoka mwisho, Septemba, mzee atakuwa ameshapata figo. Akitoka sasa, kadi inazimika mwisho wa mwezi.

Nimeandika jina lake namba moja.

Ijumaa, 7 Machi

Mlinzi kalia. Nilisema.

Blanketi ndilo linalofanya kazi yote. Huku kwetu, kuanzia Wameru hadi sisi Wachaga, mzee akishapokea blanketi mbele ya watu, amekubali. Baba wa binti akilipokea, binti keshaolewa, hakuna kurudi nyuma. Sasa mtu umemvika blanketi, akina mama wamepiga vigelegele, picha zimepigwa, utamsikia akisema hasaini? Aibu itamla yeye, si sisi. Mlinzi kasaini huku anajifuta machozi kwa pindo la blanketi lenyewe.

Neema wa mapokezi kanitania, "Dada Haika, mwosha naye huoshwa." Nikamjibu atangulie yeye.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechapa barua ya Mama Elia. Nikaenda chooni. Kurudi namkuta ofisini, kaleta karatasi za mahudhurio. Shikamoo. Marahaba mwanangu. Katoka haraka kuliko kawaida yake. Barua ilikuwa mezani, kifudifudi au wazi, sikumbuki. Kama kaiona, kaiona.

Kazini wanasema yule mama ndiye aliyenitengeneza. Alinitoa kwenye meza ya kufunga maua, akanisukuma nikasome jioni, akaniombea kazi ya ofisini kwa meneja wa zamani. Kweli tupu. Wanachosahau, kwa sababu hawakukijua, ni kwamba alikuwa analipa.

Wiki ya Valentaini, miaka kumi na miwili iliyopita. Ndege inasubiri maua, tuko kwenye chumba cha baridi tangu alfajiri. Mimba yangu ina miezi minne, nimeificha chini ya koti la kazi kwa sababu wajawazito hawakuwa wanapewa mkataba mpya. Aliyenipa mimba ameshahamia Mwanza na hana habari. Tumbo likaanza kukata. Nikamwendea Mama Elia, nikamwambia naumwa sana, niende zahanati. Alikuwa anahesabu. Hakunitazama. "Malizia hayo maboksi kwanza."

Nikamaliza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, supavaiza akisema, unamaliza. Damu ilishuka kwenye boksi la mwisho. Aliyedeki sakafu ni yeye, kwa mikono yake, na mlango kaufunga. Aliyenipeleka hospitali ni yeye. Wengine aliwaambia nina malaria. Kuanzia siku hiyo hatujalitaja. Hata mara moja. Mama yangu mzazi Marangu hajui hadi leo.

Mara ngapi nimengoja aseme neno. Miaka kumi na miwili nimemwamkia yule mama kila asubuhi, nikimngoja.

Jumapili, 16 Machi

Kaja. Hapa nyumbani, Sakina, hajawahi kufika. Kavaa kitenge cha kanisani, viatu vina vumbi la kijijini kwake Kikwe. Nikamkaribisha chai. Akakishika kikombe bila kunywa.

Halafu akatoa isale ndani ya khanga.

Sijui niandikeje. Jani moja la isale, refu, bichi, limefungwa fundo. Kwetu mtu akikuletea isale ameyamaliza maneno yote. Unapokea kwa mikono miwili na unasamehe, hata kama kakuulia ndugu. Bibi yangu alikuwa akisema hajawahi kumwona mtu aliyelikataa na akaishi vizuri.

Akasema, "Mwanangu, nimekuja kuhusu..."

Nikamkata. "Mama, ya kazini tuyaongee kazini."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Miaka yote hiyo kimya, hakuleta jani, hakuleta neno. Leo ameona barua, leo kadi ya mumewe iko mashakani, ndipo anakumbuka mila. Isale la kuombea bima! Nilitaka kucheka.

Alilishika jani mbele yangu muda mrefu. Mikono yangu niliiweka mapajani, nikaiacha hapo. Mwisho akalirudisha ndani ya khanga, polepole, kama mtu anayekunja nguo ya mtoto. "Haya mwanangu. Mungu anajua." Akaondoka. Chai imebaki hivyo hivyo.

Nimekataa isale. Nimeandika ili nione neno hilo linafananaje. Linafanana na maneno mengine.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua imeanza. Mlima Meru hauonekani siku ya tatu.

Kutwa nimeandaa ya Mama Elia. Nimenunua blanketi zito, la maruni, zuri kuliko la mlinzi. Sherehe itafanyika ndani ya paki hausi, mlangoni mwa chumba cha baridi. Atafunga boksi lake la mwisho, waridi nyekundu, watu wamemzunguka. Meneja kapenda sana. Kasema nina kipaji cha kuwagusa watu.

Neema kaniuliza, "Dada, na mzee wake anayesafishwa figo?" Nikamwambia bima si idara yangu. Ni idara yangu.

Ijumaa, 28 Machi

Imekwisha. Niandike kabla sijaipamba.

Watu walijaa. Wafungaji wake wote, na aproni zao. Mama Elia kasimama kwenye meza yake ya zamani, boksi wazi mbele yake, waridi kando. Mimi na kipaza sauti. Nikasimulia alivyoanza kazi shamba likiwa na grini hausi mbili. Nikasimulia ukali wake, watu wakacheka. Nikasema, sasa wote tunajua neno la supavaiza wetu, leo tumrudishie mwenyewe. Nikageuka, nikamtazama machoni.

"Malizia hilo boksi kwanza, Mama."

Paki hausi nzima iliangua kicheko. Makofi. Kila mmoja pale ameshaambiwa hivyo na yeye, ndiyo maana walicheka. Yeye peke yake ndiye hakucheka. Aliniangalia, kisha akaangalia sakafu, pale pale penyewe. Halafu akaanza kupanga maua. Ua moja likaanguka, binti mmoja akaliokota na kumrudishia. Akafunga. Akapiga utepe.

Nilifurahi. Naliandika jinsi lilivyo. Nilifurahi kuanzia miguuni.

Tukamvika blanketi. Vigelegele. Akasaini bila kusoma. Meneja akampa mkono na keki ikakatwa. Mama Elia akala kipande chake chote, mtu wa adabu.



Jumatatu, 31 Machi

Nimetuma fomu ya kuondoa majina kwenye bima. Mawili: la Mama Elia na la mumewe. Dakika nne.

Ijumaa, 4 Aprili

Neema kasikia kwa watu wa Kikwe. Hospitali wamekataa kadi ya Baba Elia. Ndugu wamejichanga akasafishwa mara moja, ya pili imeshindikana. Wamemrudisha nyumbani. Amevimba miguu. Elia kaacha masomo ya chuo Makumira wiki hii, anamgeuza baba yake kitandani.

Neema alikuwa ananisimulia huku ananitazama. Nikamuuliza kama ameshapiga muhuri bahasha za jana.

Ningeweza kumpigia meneja. Ningeweza kusema kulikuwa na kosa la tarehe, tumrudishe hadi Julai. Makosa ya tarehe hutokea, nimeyasahihisha mara nyingi. Simu ilikuwa mkononi, nikaitumia kuagiza gesi.

Jumatano, 9 Aprili

Baba Elia amefariki usiku wa kuamkia leo.

Kazini imetangazwa saa nne. Meneja kasema tupeleke mwakilishi, na anafaa Haika, kwani ndiye aliyekuwa karibu na familia.

Jumamosi, 12 Aprili

Kikwe. Matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Migomba imeinama kwa mvua. Kwaya ya usharika, mchungaji, turubai mbili, watu wengi kuliko nilivyodhani. Mzee alikuwa anapendwa.

Nilienda nyuma ya nyumba walikokuwa akina mama wanamenya ndizi, nikaomba kisu. Wakanipa. Hakuna aliyeninunia. Ingekuwa afadhali wangeninunia. Mmoja alinipisha kwenye kigoda chake, akasema, "Wewe ndiye uliyemuaga mama kwa heshima kazini, tumeona picha." Nikamenya.

Baada ya kuzika nikaitwa ndani. Mama Elia kakaa chini kwenye godoro, khanga nyeusi kichwani, wazee wawili wa kike pembeni. Akawaomba watupishe. Nikapiga magoti, nikampa pole. Akanishika mkono. Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa nayo majibu, nilikuwa nayo tangu getini.

Hakunitukana. Alisema taratibu, sauti imekauka kwa kulia. "Haika, siku ile nilipokuja kwako, hukuniacha niseme. Barua nilikuwa nimeiona mezani, na Baba Elia tulishamkabidhi kwa Mungu, yeye mwenyewe alisema tusikusumbue. Sikuja kwa ajili ya kazi."

Hakuuachia mkono wangu.

"Nilikuja kwa ajili ya mtoto."

Akasema alijua akishaondoka shambani hatutaonana tena, na hakutaka kufa na lile jambo. Akasema kila Valentaini anapopita kwenye ile sakafu humwombea mtoto kwa jina lake. Alimpa jina, kwa sababu hakujua kama mimi nilimpa. Nikataka kumuuliza jina gani. Wale bibi wakarudi na chai, mmoja akasema mama apumzike, nikasimama.

Sikuuliza jina.

Jumapili, 13 Aprili

Sikwenda kanisani. Wenzangu wanapita barabarani na matawi ya mitende, wanaimba.

Nimefua. Nimeanika ndani kwa sababu ya mvua. Nikakaa na daftari ninaloandikia sherehe za watu, nikitaka kuandika ya mtoto. Nimewaandalia watu kumi na tisa katika shamba lile. Hii nimeshindwa. Sijui alikuwa wa kike au wa kiume. Hospitali hawakuniambia, nami niliogopa kuuliza. Angekuwa darasa la sita sasa hivi. Hilo tu ndilo nimeliandika: darasa la sita.

Nimefikiria kurudi Kikwe. Nikavaa viatu, nikavua. Niingie kwenye ule msiba, nipite kati ya watu wanaomlilia mtu niliyemuua kwa fomu, niseme nimekuja kuuliza jina la mtoto wangu? Nina roho ngumu, lakini hiyo sina.

Dunia nzima tulikuwa wawili tu tuliojua kwamba alikuwepo. Mwenzangu alimwombea miaka kumi na miwili. Mimi nilimtumia kama fimbo.

Saa tisa nimepika wali. Nimekula kidogo. Kesho saa mbili nina kikao na namba mbili kwenye orodha, dereva wa trekta. Bado sijajua anapenda nini.